Utafiti wa Umaskini Uanzie Zahanati: Fedha na Mafunzo Yaliyopo, na Namna ya Kuyafikia

Mwaka 2004 Tanzania ilianza kuwapatia wajawazito hati punguzo. Mama alipofika kliniki alikabidhiwa hati, akaipeleka dukani, akaongeza fedha kidogo na kuondoka na chandarua. Mpango ulisifiwa, na ulistahili sifa, kwa kuwa uliwafikishia vyandarua wanawake wengi ambao wasingekuwa navyo. Hata hivyo, watafiti waliozifuatilia hati hizo kutoka kliniki hadi dukani walikuta jambo ambalo hesabu za jumla hazikulionyesha: wanawake wa kaya maskini zaidi walizitumia hati zao kwa kiwango kidogo kuliko wanawake wa kaya zenye nafuu. Kikwazo kimojawapo kilikuwa ile fedha kidogo ya kuongeza. Mwaka 2009 kiasi hicho kikawekwa kuwa shilingi 500 tu, na katika miaka iliyofuata serikali ikagawa vyandarua bila malipo, kwanza kwa watoto wa chini ya miaka mitano, kisha kwa kaya kwa ujumla.

Muuguzi aliyehudumu kliniki ya wajawazito miaka ile hakuhitaji kufundishwa kwamba kwa baadhi ya akina mama hata shilingi mia chache ni mlo wa siku. Alilijua. Alichokosa ni njia ya kuligeuza alilolijua kuwa ushahidi: ni akina mama wangapi, wa kaya za namna gani, wanakwama hatua ipi, na wangefanya nini kama bei ingebadilika. Njia hiyo ina gharama. Inahitaji fedha, inahitaji muda wa kutoka zamu, inahitaji mtu wa kufundisha uchambuzi wa takwimu, na inahitaji taasisi itakayopokea ruzuku na kuitolea hesabu. Makala haya yanaeleza mambo hayo yanapatikana wapi kwa mtumishi wa afya wa Tanzania na nchi jirani anayetaka kuchunguza umaskini na ukosefu wa usawa katika afya, yanadai nini, na kwa nini siku hizi yamekuwa adimu. Yanamhusu pia mgonjwa, kwa sababu yeye ndiye anayehojiwa.

Mara nyingi wazo la utafiti wa aina hii hufa mapema, linapokutana na kauli moja: “Huku wote ni maskini, utapima nini?” Kauli hiyo ilijibiwa muda mrefu uliopita. Mwaka 1999 watafiti walizitembelea kaya za wilaya nne za vijijini, yaani Kilombero, Ulanga, Rufiji na Morogoro Vijijini, mahali ambapo mgeni angeona umaskini wa aina moja tu. Waliuliza kuhusu vitu vya kawaida, kama vile redio, baiskeli na bati la paa, wakazipanga kaya katika makundi kuanzia maskini sana hadi zenye nafuu kidogo. Matokeo, yaliyochapishwa mwaka 2003 katika jarida la The Lancet, yalionyesha kwamba hata miongoni mwa maskini hao, mtoto wa kaya yenye nafuu kidogo alikuwa na nafasi kubwa zaidi ya kupelekwa kituoni anapougua, ya kupata dawa ya malaria na ya kulazwa. Tofauti ya baiskeli moja ilionekana katika matibabu ya mtoto. Tangu hapo hakuna sababu ya kuamini kwamba kijiji ni maskini kiasi cha kutokuwa na tofauti ndani yake.

Mfano wa pili unazihusu kliniki za kifua kikuu. Dawa zake hutolewa bure, na kwa sababu hiyo watumishi wengi huamini kwamba ugonjwa huu haumfilisi mtu. Shirika la Afya Duniani lilitengeneza dodoso la kuhesabu kila kitu anachopoteza mgonjwa na kaya yake: nauli, chakula cha ziada, vipimo vya awali kabla ugonjwa haujatambuliwa, siku za kazi zilizopotea. Gharama zikizidi asilimia 20 ya kipato cha kaya kwa mwaka, huitwa gharama za maangamizi. Tafiti za kitaifa zilizofanywa kwa dodoso hilo zilikuta hali hiyo katika takriban asilimia 27 ya kaya za wagonjwa nchini Kenya, asilimia 45 nchini Tanzania na asilimia 53 nchini Uganda. Dawa ni bure, na bado karibu nusu ya kaya zinaumia. Maswali ya dodoso hilo yanafahamika kwa kila mhudumu wa kliniki ya kifua kikuu. Anayasikia kila wiki, ila hayaandiki.

Upande wa Kenya, suala la bei ya vyandarua lilichunguzwa kwa njia iliyo kali zaidi. Jessica Cohen na Pascaline Dupas walizipangia kliniki za wajawazito bei tofauti kwa kura: nyingine zilitoa chandarua bure, nyingine kwa bei ndogo iliyoishia shilingi 40 za Kenya. Bei ilipopanda kutoka bure hadi shilingi 40, idadi ya waliochukua ilishuka kwa pointi 60 za asilimia. Wakati huo ilikuwa desturi kusema kwamba mtu hathamini kitu cha bure. Watafiti hao hawakukuta kwamba waliopewa bure walikitumia chandarua kidogo kuliko walionunua. Matokeo hayo yalichapishwa mwaka 2010, na mjadala wa kuwatoza maskini bei ya kinga haujawahi kuwa uleule tena.

Kuanza na rejesta

Mtumishi anayefikiria utafiti kwa mara ya kwanza huanza, kwa kawaida, kuota shahada ya uzamivu ughaibuni. Ingefaa aanze na rejesta za MTUHA zilizo kabatini. Ndani yake mna kijiji anachotoka mgonjwa, umri, tarehe ya kufika, ugonjwa na matokeo. Mna pia majina ya wanawake walioanza kliniki wakiwa na mimba ya miezi saba, na ya watoto waliokosa chanjo ya pili. Hakuna safu ya kipato, ni kweli. Lakini umbali wa kijiji kutoka kituoni, ukiunganishwa na tarehe ya kufika, unaeleza mengi kuhusu nani anachelewa na kwa nini.

Kuna mafunzo yaliyobuniwa mahsusi kwa mtu wa namna hii. Yanaitwa SORT IT, na chimbuko lake ni kozi iliyoanzishwa mwaka 2009 na Umoja wa Kimataifa wa Kupambana na Kifua Kikuu na Magonjwa ya Mapafu pamoja na shirika la Madaktari Wasio na Mipaka. Baadaye yakaja kuratibiwa na TDR, mpango maalumu wa utafiti wa magonjwa ya kitropiki ulioanza mwaka 1975 na ambao makao yake yako Shirika la Afya Duniani. Mshiriki hupitia moduli tatu kwa muda wa takriban mwaka mmoja: ya kwanza ni ya kuandika itifaki ya utafiti, ya pili ni ya kupanga na kuchambua takwimu, ya tatu ni ya kuandika makala ya kisayansi. Kati ya moduli na moduli hurudi kazini kwake. Kila hatua ina tarehe ya mwisho, na asiyeitimiza haendelei na moduli inayofuata. Mafunzo hayo hayahesabiwi kuwa yamekamilika mpaka makala iwe imewasilishwa kwa jarida.

Masharti hayo yanaonekana makali. Yanafaa. Mfumo wa afya umezoea semina za siku mbili zenye posho, chai na cheti, ambazo baada yake hakuna ukurasa hata mmoja unaoandikwa. Mafunzo yanayompima mtu kwa alichokimaliza, wala si kwa siku alizohudhuria, humtendea haki mtumishi na mgonjwa ambaye taarifa zake zimetumika. Katika orodha yote ya fursa zinazotajwa humu, hii ndiyo inayopuuzwa zaidi na wanaoihitaji zaidi.

TDR ina mambo mengine mawili ya kuzingatia. La kwanza ni kozi yake ya mtandaoni kuhusu utafiti wa utekelezaji, isiyo na ada, ambayo hufundisha namna ya kuchunguza kwa nini huduma iliyothibitishwa haiwafikii waliokusudiwa. La pili ni ufadhili wa shahada ya uzamili katika fani hiyohiyo, unaotolewa kupitia vyuo vilivyoko katika nchi zinazoendelea. Barani Afrika, vyuo vikuu vya Ghana, Zambia na Witwatersrand nchini Afrika Kusini vimekuwa miongoni mwao. Mwombaji hapaswi kuwa daktari. Muuguzi, afisa afya na mtakwimu wote wana nafasi.

Kwa anayetaka kujifunza mbinu zilizotumiwa na Cohen na Dupas, taasisi ya J-PAL, iliyoanzishwa mwaka 2003 katika chuo cha MIT nchini Marekani, hutoa kozi za mtandaoni za uchumi wa maendeleo na uchambuzi wa takwimu. Kufuatilia masomo ni bure. Kinacholipiwa ni mtihani na cheti, na ada hupangwa kulingana na kipato cha mwanafunzi. Ugumu wake ni hisabati, pamoja na intaneti ya uhakika. Mtu aliyeko kituo cha afya cha mbali afanye hesabu ya vifurushi vya data kabla ya kujisajili, kama anavyofanya hesabu ya nauli.

Wakati wa kujifunza uchambuzi, si lazima kukusanya takwimu mpya. Ofisi ya Taifa ya Takwimu huhifadhi takwimu ghafi za tafiti zake, ukiwamo Utafiti wa Mapato na Matumizi ya Kaya Binafsi wa 2017/18, uliokadiria kwamba asilimia 26.4 ya wakazi wa Tanzania Bara walikuwa chini ya mstari wa umaskini wa mahitaji ya msingi. Upo pia utafiti unaozifuatilia kaya zilezile kwa awamu, ulioanza 2008/09. Takwimu hizi hupatikana kwa kujisajili na kueleza matumizi yake. Tasnifu nyingi nzuri za uzamili zimeandikwa kutokana nazo bila mwandishi kulipa hata dodoso moja.

Masomo marefu

Mpango unaostahili kuelezwa kwa kirefu ni CARTA, ushirika wa mafunzo ya juu ya utafiti barani Afrika, ulioanza mwaka 2008 chini ya uongozi wa Kituo cha Utafiti wa Idadi ya Watu na Afya Afrika, APHRC, kilichoko Nairobi, pamoja na Chuo Kikuu cha Witwatersrand. Unavikutanisha vyuo vikuu na taasisi za utafiti za Afrika. Chuo Kikuu cha Dar es Salaam na Taasisi ya Afya Ifakara zimekuwa washirika wake, sawa na Makerere, Moi, Nairobi na Chuo Kikuu cha Rwanda. Mwanafunzi wa uzamivu husajiliwa katika chuo cha Afrika, na katika kipindi cha masomo huhudhuria semina nne za pamoja za wiki kadhaa, akiwa na wenzake wa fani mbalimbali: wanasosholojia, wauguzi, wanauchumi, madaktari. Umri wa juu unaoruhusiwa kwa wanawake umewekwa mbele zaidi ya ule wa wanaume, kwa kutambua miaka inayochukuliwa na uzazi na malezi. Ni kanuni ndogo, na ingefaa iigwe na wafadhili wengine.

Mlango wa CARTA una kufuli moja: mwombaji lazima awe mwajiriwa wa taasisi mshirika. Afisa tabibu wa halmashauri hawezi kuomba moja kwa moja. Njia yake ni ndefu zaidi, nayo hupitia shahada ya uzamili, kisha ajira au uhusiano rasmi na chuo au taasisi ya utafiti.

Kwa uzamili huo, ufadhili wa Jumuiya ya Madola unaotolewa na Uingereza una tawi la masomo ya masafa, linalomruhusu mtumishi kusomea shahada ya chuo cha Uingereza huku akiendelea na kazi nyumbani. Shirika la Ujerumani la DAAD nalo hufadhili masomo ndani ya vyuo vya Afrika. Wanaoelekea uchumi wa afya wanaufahamu ushirika wa utafiti wa uchumi wa AERC, ulioko Nairobi tangu 1988. Na nchini Tanzania ipo REPOA, iliyoanzishwa mwaka 1994 kwa lengo hilohilo la kuwapa watafiti wa umaskini ruzuku na mafunzo, wakati ambapo tafiti nyingi kuhusu Watanzania ziliandikwa na wageni. Watafiti kadhaa waandamizi wa leo walijifunza kuandika andiko la utafiti kwa ruzuku ndogo za taasisi hiyo.

Fedha, na nani anayezipokea

Hapa ndipo penye ukakasi. Ruzuku ya utafiti, tofauti na ufadhili wa masomo, mara nyingi haipewi mtu bali taasisi. Mfadhili huuliza kama taasisi ina mkaguzi wa hesabu, sera ya manunuzi, kamati ya maadili na akaunti ya fedha za kigeni. Zahanati haina hivyo vyote. Hospitali ya wilaya ina baadhi. Kwa hiyo fedha za kuchunguza umaskini huishia, kwa mwendo wake wa kawaida, kwa taasisi zilizo tajiri kuliko nyingine, katika miji mikubwa, na mara nyingi huingia kwanza katika chuo cha Ulaya au Marekani ambacho kinazigawa kwa “washirika”. Utafiti kuhusu ukosefu wa usawa nao una tabaka zake.

Mtumishi wa wilayani asikate tamaa kwa sababu hiyo, ila asijidanganye pia. Njia inayofanya kazi ni kuunda timu mapema: yeye ana swali, ana kituo na ana imani ya wagonjwa, mhadhiri wa chuo ana taasisi na uzoefu wa bajeti. Makubaliano yaandikwe kabla andiko halijatumwa: nani ni mtafiti mkuu, nani atatajwa kuwa mwandishi wa makala, takwimu zitakaa wapi, nani atalipwa muda wake. Mikutano ya urafiki bila karatasi imewaacha wahudumu wengi wakiwa wakusanyaji wa dodoso katika utafiti walioubuni wao wenyewe.

Fedha za ndani zipo, japo si nyingi. Tume ya Sayansi na Teknolojia, COSTECH, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 1986, husimamia Mfuko wa Taifa wa Kuendeleza Sayansi na Teknolojia, yaani MTUSATE, na hutangaza wito wa maandiko kulingana na vipaumbele vya taifa. Vyuo vikuu vingi navyo hutenga ruzuku ndogo kwa watumishi chipukizi. Ruzuku ndogo isidharauliwe: mfadhili mkubwa hupenda kumpa fedha nyingi mtu aliyekwisha kuonyesha kwamba anaweza kutolea hesabu fedha kidogo.

Umuhimu wa fedha za ndani umeongezeka katika miaka mitatu iliyopita. Kwa miongo kadhaa Sweden ilikuwa miongoni mwa wafadhili wakuu wa uzamivu katika vyuo vya umma vya Tanzania. Mwaka 2023 serikali yake ilisitisha ruzuku mpya za utafiti wa maendeleo zilizokuwa zikitolewa kupitia Baraza la Utafiti la nchi hiyo. Mwaka 2025 Marekani ilifunga shirika lake la misaada, USAID, ikakatisha mpango wa kimataifa wa tafiti za idadi ya watu na afya uliokuwa chanzo kikuu cha takwimu za tofauti za kiafya kati ya matajiri na maskini, na taasisi zake za afya zikabadili utaratibu wa kupeleka fedha kwa washirika wa nje. Uingereza nayo ilitangaza mwaka huohuo kwamba itapunguza bajeti yake ya misaada hadi asilimia 0.3 ya pato la taifa ifikapo 2027. Nchi za Umoja wa Afrika ziliazimia zamani kutenga asilimia 1 ya pato la taifa kwa utafiti. Nyingi, Tanzania ikiwamo, hazijafika hapo. Mwenye andiko la kupeleka kwa mfadhili wa nje asome wito wa mwaka huu. Ule wa miaka miwili iliyopita, uliohifadhiwa kwenye simu, huenda haupo tena.

Swali linalostahili kufadhiliwa

Maandiko mengi hukataliwa kwa sababu swali lake ni pana mno. “Athari za umaskini kwa afya nchini Tanzania” si swali. Ni kichwa cha maktaba nzima. Chukua badala yake jambo linaloamuliwa sasa hivi. Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote, iliyopitishwa na Bunge mwaka 2023, inawataka wananchi wajiunge na bima, na inakusudia wasio na uwezo wagharamiwe. Nani, basi, ni asiye na uwezo? Uchangiaji wa gharama za matibabu ulianza nchini mwanzoni mwa miaka ya 1990 sambamba na misamaha kwa makundi maalumu na kwa wasiojiweza. Misamaha ya makundi hutambulika kwa urahisi, kwa kuwa umri na ujauzito vinaonekana. Umaskini hauonekani dirishani. Afisa ustawi wa jamii huuliza maswali, mtendaji wa kijiji huandika barua, mzee mwingine huona aibu na kurudi nyumbani bila kuomba.

Mpango wa TASAF wa kunusuru kaya maskini una njia yake: mikutano ya kijiji hupendekeza kaya, kisha hali ya kaya hupimwa kwa maswali ya makazi na mali. Orodha hiyo ikitumika katika bima, kuna kaya zitakazoachwa nje. Swali linalostahili ruzuku laweza kuandikwa kwa mistari mitatu: kati ya wagonjwa wa nje walioshindwa kulipa katika hospitali fulani kwa miezi sita, ni wangapi wamo katika orodha ya kaya maskini ya kijiji chao? Wasiokuwamo ni watu wa namna gani? Waliomba msamaha, na walijibiwa nini? Hapo kuna mahali, muda, kundi na kipimo. Mchambuzi wa andiko ataelewa mara moja ni nani atakayetumia jibu. Na mtu anayeweza kuliuliza vizuri kuliko wote ni yule anayekaa dirishani, au afisa ustawi wa jamii mwenye droo iliyojaa barua za watendaji.

Bajeti ya utafiti kama huo si kubwa: wadadisi wawili, nauli za vijijini, mchambuzi wa takwimu, ada ya kibali cha maadili, uchapaji. Gharama inayosahaulika ni muda wa mtafiti mwenyewe. Mwajiri akikubali kwa barua kumwachia siku moja kwa wiki, andiko hupata nguvu kuliko kwa aya tano za utangulizi. Lugha nayo ni kikwazo halisi, kwa kuwa karibu miito yote huandikwa kwa Kiingereza. Hakuna ubaya kuliandika andiko kwanza kwa Kiswahili, fikra zikiwa zimenyooka, kisha kulitafsiri pamoja na mwenzi wa chuo. Dodoso lenyewe lazima lijaribiwe kwa lugha ya wahojiwa. Neno “kipato” huwafanya wakulima wengi wajibu kwamba hawana, hata waliouza gunia kumi za mpunga mwezi uliopita.

Upande wa anayehojiwa

Utafiti wowote unaowahusu watu lazima upate kibali cha maadili. Nchini Tanzania kibali cha kitaifa hutolewa kupitia Taasisi ya Taifa ya Utafiti wa Magonjwa ya Binadamu, NIMR, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 1979. Vyuo vikuu vya afya na taasisi kubwa vina kamati zao. Mgonjwa anayeombwa kushiriki ana haki ya kuelezwa kwa lugha anayoielewa utafiti ni wa nani, unagharamiwa na nani, utachukua muda gani, na taarifa zake zitahifadhiwaje. Ana haki ya kukataa. Akikataa, au akijitoa katikati, matibabu yake hayapaswi kubadilika kwa namna yoyote, na karatasi ya ridhaa lazima iwe na namba ya simu ya kamati ya maadili anayoweza kuipigia akiona amekosewa.

Katika utafiti wa umaskini tahadhari inahitajika zaidi. Kumwuliza mtu idadi ya milo ya jana mbele ya jirani yake ni kumvunjia heshima. Mahojiano kuhusu kipato yafanyike faragha, na mhojaji aeleze waziwazi kwamba majibu hayatamwingiza mtu katika orodha ya msaada wala kumtoa. Bila hivyo, baadhi watajifanya maskini zaidi na wengine wataficha. Siku ya kazi inayopotea kwa kibarua ilipwe, pamoja na nauli. Kuna wanaoogopa kwamba malipo hayo yatakuwa rushwa ya kumshawishi mgonjwa. Kiasi kinachofidia kilichopotea, kilichoidhinishwa na kamati, si rushwa. Kumtumia mtu maskini saa tatu bila fidia, ili kuthibitisha kwamba ni maskini, ndiko kunakopaswa kujitetea mbele ya kamati.

Wagonjwa wanaweza pia kuingia mapema zaidi, kabla dodoso halijachapwa. Vikundi vya watu wanaoishi na virusi vya UKIMWI na vya waliopona kifua kikuu vina wajumbe wanaojua ni gharama zipi ambazo mtafiti hatazikumbuka: mkopo wa jirani, mbuzi aliyeuzwa, binti aliyetolewa shule ili amuuguze mama. Wafadhili kadhaa sasa huuliza katika fomu zao jamii imeshirikishwaje. Jibu lisiwe sentensi moja ya kujaza nafasi. Majina ya vikundi na fedha za kuwawezesha kuhudhuria vikao viwili au vitatu viwekwe katika bajeti.

Mwisho wa utafiti, matokeo hurudi wapi? Kwa desturi huenda jaridani, kwa Kiingereza, wakati mwingine nyuma ya malipo ambayo hata hospitali iliyotoa takwimu haiwezi kuyamudu. Mrejesho unaowezekana ni ukurasa mmoja wa Kiswahili unaobandikwa katika ubao wa kituo, kikao kimoja na timu ya uendeshaji huduma za afya ya halmashauri kabla bajeti ya mwaka haijapangwa, na mkutano mmoja katika kila kijiji kilichohojiwa. Gharama yake ni ndogo kuliko tiketi moja ya ndege ya kwenda kwenye kongamano. Iandikwe katika bajeti tangu siku ya kwanza, kwa mstari wake na kiasi chake. Andiko lisilo na mstari huo, kamati ya maadili ina kila sababu ya kulirudisha kwa mwenyewe.